Kibao cha Kimya na Bendera Isiyopepea

Jumatatu, tarehe 3 Agosti

Ndugu wapambanaji, wenzangu katika safari ndefu ya haki, nawasalimu kwa moto uleule wa siku zote.

Nasema na daftari. Sina mwingine wa kusema naye. Barua ya chuo, aya ya tatu, inanikataza kuitisha, kuongoza au kuhutubia mkusanyiko wa watu zaidi ya wawili kwa muda wa siku arobaini. Nimeisoma aya hiyo mara nne. Haitaji kurasa.

Kwa faida ya vizazi vijavyo niandike kosa langu. Niliwaketisha wenzangu mia mbili mlangoni mwa maktaba kwa siku mbili, tukidai chumba cha kusomea chenye viti. Tulishinda. Chumba kimejengwa. Aliyekidai amesimamishwa masomo katika muhula wake wa mwisho na kupelekwa kwa mama yake mdogo, kupiga mchanga.

Siku thelathini na nne zimekwisha. Zimebaki sita. Jumamosi saa nne asubuhi Mlezi wa Wanafunzi atafika hapa yeye mwenyewe kupokea barua ya Mama Mdogo, yenye kuthibitisha kwamba nimekaa kwa utulivu. Nikiipata, Jumatatu nimo darasani. Nikiikosa, jina langu linafutwa. Miaka mitatu ya shahada inaning'inia kwenye kalamu ya mwanamke ambaye jana aliniita mzigo wenye ndevu.

Mama Mdogo hutengeneza vibao vya mbao ngumu. Kazi yenyewe ni hivi: unabandika karatasi nene ya mpira juu ya ubao, unakata herufi kwa kisu, unazibandua, kisha unapuliza mchanga kwa nguvu ya kompresa, mashine ya kusukuma hewa. Penye mpira mchanga hauingii. Palipobanduliwa unakula mbao, na herufi inazama. Zamani kazi hii ilifanyika bandani. Mwezi uliopita upepo uliondoka na paa la banda na ukuta mmoja wa ua, tena kwa mchana mmoja. Sasa tunapiga mchanga nje, chini ya mbingu isiyo na aibu: asubuhi manyunyu, mchana upepo wa kung'oa kope, alasiri jua la kukaanga utosi.

Leo nimepata mshtuko wa kwanza wa juma. Mama Mdogo amepokea agizo la kibao kutoka chuoni. Ni cha chumba cha kusomea. Chumba changu! Mlezi atakichukua Jumamosi, pamoja na barua. Nikauliza kwa kiherehere maneno yenyewe ni yapi. Mama Mdogo akanisomea kutoka kwenye kikaratasi: "Kimya Tafadhali."

Nilikaa juu ya gunia la mchanga.

Jumanne, tarehe 4 Agosti

Manyunyu tangu alfajiri. Mchanga umelowa. Mchanga uliolowa hautoki kwenye bomba. Unaziba kooni kama ugomvi wa ndugu. Nikapendekeza tuukaushe jikoni. Mama Mdogo akasema nisithubutu. Alipokwenda dukani nilithubutu. Sufuria yake kubwa ina mikwaruzo ambayo, kwa mtazamo wangu, inaweza kuitwa nakshi. Yeye ameiita kwa jina jingine, na mimi akaniita kwa jina jingine zaidi.

Mvua ilipokata niliona wakati umefika wa kuwaunganisha wafanyakazi. Tuko wawili: mimi na Mzee Nukta. Tumempa jina hilo kwa sababu kila mazungumzo yakimfikia yanaishia hapo. Amepiga mchanga miaka ishirini na minane. Watu wawili si "zaidi ya wawili". Nilihesabu tena ili nijiridhishe.

Nikamweleza, kwa utaratibu na kwa mifano, kwamba kufanya kazi nje katika hali hii ya hewa ni dhuluma. Kwamba tudai paa. Kwamba kudai paa kunahitaji chama, na chama kinahitaji mwenyekiti. Mzee alikuwa anakung'uta viatu. Alisema, "Sawa." Tukapiga kura ya siri kwenye kopo la rangi. Nikahesabu. Kura moja yangu. Kura ya pili, kwa mwandiko wa mkono uliotulia, ilikuwa imeandikwa jina la Mama Mdogo.

Nilimtazama yule mzee. Alikuwa ameshaanza kuchekecha mchanga.

Uchaguzi ulikuwa sare, na mwajiri hakujua kwamba amegombea. Alipojua alicheka mpaka akashika nguzo. Alisema kwamba akishinda duru ya pili atavunja chama, na kwamba paa litarudi mafundi wa mabati watakaporudi, na kwamba, "Wewe Mwenyekiti, mpaka Jumamosi nakuomba kitu kimoja tu. Nyamaza. Nimewazika wazazi wangu, nimeachika, nimeezuliwa paa, yote nimeyaweza. Kumwandikia dada yangu kwamba mwanawe kafukuzwa chuo akiwa mikononi mwangu, hilo sitaliweza."

Hakucheka aliposema hayo. Niliona mkono wake umeshika ile nguzo kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Nikaahidi. Niliahidi kwa dhati kabisa.

Saa kumi jirani yetu Bwana Stika akanipima. Duka lake liko ng'ambo ya njia ya miguu, na tangu ukuta uanguke dirisha lake kubwa la kioo linatutazama usoni, hatua chache tu kutoka ukingo wa ua. Yeye huchapa vibao vya plastiki kwa mashine, huku amekaa, huku anakunywa soda. Leo amebandika herufi mpya za stika kwenye kioo hicho, upande wa nje, kubwa, nyekundu, zikitutazama sisi: VIBAO DAKIKA KUMI. BILA VUMBI. BILA KELELE.

Bila kelele! Akasimama mlangoni na kuniuliza kama nina maoni. Nina maoni kurasa arobaini. Nikanyamaza. Nilinyamaza mpaka masikio yakawa yanawasha.

Jumatano, tarehe 5 Agosti

Kuhusu kitambaa. Juu ya nguzo katikati ya ua Mama Mdogo amefunga kipande cha kilemba chake cha zamani, chenye maua ya njano. Kinaonyesha upepo unakoelekea. Sheria ya karakana ni moja, na huisema kama mtu anayeapa: macho kwenye kitambaa, upepo uwe mgongoni daima, kikigeuka, zima mashine kabla hujavuta pumzi ya pili. Ndani ya kofia ya kupigia mchanga, ile inayofunika kichwa mpaka mabegani, huwezi kuhisi upepo wala kusikia mtu. Una dirisha dogo tu la kutazamia, na kitambaa.

Asubuhi Bwana Stika alipita na chai yake. Akakitazama kitambaa, akaniuliza, "Komredi, hiyo bendera yenu ni ya nchi gani? Jamhuri ya Jikoni?" Wapita njia wawili walicheka. Mmoja nilisoma naye shule ya msingi.

Sikulala mchana. Mtu anaweza kunisimamisha masomo. Anaweza kuninyamazisha kwa aya ya tatu. Lakini kusimama chini ya maua ya njano mbele ya adui, kuna mpaka. Nikakata kipande kikubwa cha turubai kutoka kwenye mfuniko wa kompresa. Nikakipaka rangi ya mafuta, nyekundu, mkono wa kwanza. Kilionekana hafifu. Mkono wa pili. Nikaandika UMOJA kwa rangi nyeupe, herufi pana kama viganja, nazo nikazirudia mara mbili ili zionekane mpaka kwa Stika. Jua la alasiri likaikausha bendera yangu. Nikashusha maua, nikapandisha UMOJA.

Mzee Nukta alisimama chini yake muda mrefu. Akasema, "Hiyo haitapepea."

Nilitambua sauti ya mtu aliyekata tamaa ya mageuzi. Nikamjibu kwa upole kwamba miaka ishirini na minane ya unyonge humfanya mtu asiamini bendera, na kwamba hii itapepea hata baada yetu. Akaigonga kwa kidole. Ikatoa mlio wa mlango. Akaenda zake.

Mama Mdogo alikuwa ofisini, yaani kwenye meza iliyo nyuma ya jokofu, akiandika barua yangu. Nilichungulia. Ameandika: "Katika kipindi chote amekuwa mtulivu." Akafuta "chote". Akalirudisha. Nilitoka taratibu.

Kisha nikakata herufi za kibao. KIMYA TAFADHALI ikakaa katikati, vizuri, kwa mstari ulionyooka. Mkono wangu ni hodari, hata maadui wanakiri. Lakini kisu kilipofika mwisho hakikutaka kusimama. Chini kabisa, kwa herufi ndogo za adabu, nikaongeza: KWA MUDA TU.

Naomba historia ielewe. Ahadi yangu kwa Mama Mdogo inahusu mdomo. Kisu hakikutajwa.

Alhamisi, tarehe 6 Agosti

Leo mistari yangu imepinda. Herufi zangu zinisamehe.

Mama Mdogo alikwenda mjini kutafuta vanishi. Mzee Nukta alikwenda kuchukua mchanga mkavu. Bwana Stika alifunga duka tangu jana jioni. Amekwenda kumtazama mama yake, atarudi Jumamosi. Anga lilikuwa jeupe na upepo unapiga miluzi kwenye mabati ya majirani. Nikaamua kuanza kazi peke yangu. Niliisogeza fremu ya kusimamishia ubao mpaka ukingoni mwa ua, ili wapita njia waone jinsi herufi ya kweli inavyozaliwa. Kwa kawaida tunaelekeza ubao kwenye ukuta wa nyuma. Lakini nikatazama bendera. Ilielekea kwenye dirisha la Stika, imara, bila kutikisika. Basi upepo ulikuwa mgongoni kwangu. Kila kitu kilikuwa kwa mujibu wa sheria.

Nikavaa kofia. Nikawasha kompresa. Nikaanza na mstari wa chini, KWA MUDA TU, kwa kuwa mageuzi yoyote huanzia chini. Mchanga ulikwenda kama hoja isiyo na mpinzani. Nilipomaliza ule mstari, ghafla kila kitu kilikuwa cheupe. Vumbi lilinirudia lote usoni. Nikainua macho kwenye bendera: bado imeelekea kwa Stika. Nikajiambia ni vumbi la kupita tu. Sikuzima. Nikapandisha mdomo wa bomba hadi kwenye mstari wa KIMYA na kuendelea kwa kukisia, na kwa kuwa humo ndani ya kofia hakuna anayesikia, nilitumia nafasi hiyo kuitunga hotuba ya siku nitakayorudi chuoni. Ilikuwa hotuba nzuri. Nilikuwa nimefika kwenye sehemu ya wajibu wa kizazi chetu. Mkono ulikwenda kushoto, ukaja kulia. Dakika kumi, labda kumi na mbili.

Mtu akazima kompresa. Mzee Nukta. Amesimama na gunia begani.

Vumbi likatua. Nikatafuta ubao mbele yangu. Haukuwepo! Fremu ilikuwa imelala kifudifudi miguuni pangu, na ubao chini yake, na karatasi ya mpira imechanika. Upepo ulikuwa umegeuka, ukaisukuma kama jani. Palipokuwa na ubao palikuwa na nafasi tupu, na nyuma ya nafasi hiyo, hatua mbili mbele ya bomba langu, palikuwa na dirisha la Bwana Stika.

Kioo chote kilikuwa cheupe. Kama maziwa. Kama jicho lenye mtoto wa jicho. Nimekipiga mchanga kutoka pembe hadi pembe, kwa usawa na kwa uangalifu mkubwa. Stika zake nyekundu tu ndizo zilizobaki, zimechakaa, zimeng'ang'ania hapo kama mashahidi.

Mzee alitazama kioo, akatazama bendera, ambayo hata wakati huo, upepo ukipiga kutoka upande mwingine kabisa, ilikuwa imeelekea kwa Stika kama kibao cha njiapanda. Hakusema kwamba aliniambia. Alisema, "Panda ukaishushe."

Ijumaa, tarehe 7 Agosti

Sikumwambia Mama Mdogo. Alirudi jana jua linazama, na asubuhi hii alitoka mapema tena. Nilikuwa na mpango.

Bendera, iwapo haipepei, inasimama. Niliigundua sifa hiyo nilipoiegemeza ukutani. Nikaibeba mpaka kwa Stika na kuisimamisha mbele ya dirisha lake. Ikalifunika barabara, kiasi kwamba mpita njia angedhani ni tangazo. UMOJA. Mama mmoja aliniuliza kama ni benki mpya. Nikasema inafunguliwa karibuni.

Lakini ubao. Mstari wa chini umezama vizuri. Sehemu ya juu, penye KIMYA, imekwaruzwa kwa fremu na haina herufi hata moja. Mbao nyingine kama hiyo hatuna. Nikamweleza Mzee Nukta kwamba tunakabiliwa na wakati mgumu, na kwamba katika wakati kama huu viongozi na umma hushauriana. Mzee akageuza ubao.

Basi. Akaugeuza tu. Upande wa nyuma ni msafi. Nilipigwa na bumbuwazi kwa urahisi wa jambo lile.

Akaniambia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kati ya manyunyu na upepo, huwa kuna saa moja tulivu. Ameifanyia kazi miaka yote. Saa hiyo ilikuwa imebaki nusu. Akafunga upya kitambaa cha maua. Akabandika mpira, akakata herufi bila kuchora, akavaa kofia. Kazi yangu ilikuwa kushika fremu. Nilishika. Kila alipopuliza, jicho lake moja lilikuwa juu kwenye maua ya njano. Mara mbili maua yaligeuka kidogo na mara mbili alizima, akasubiri, akawasha. Saa moja na dakika ishirini na tano kikawa tayari: KIMYA TAFADHALI. Herufi zimezama sawasawa, na kingo zake zinakata kama mpya.

Nilitaka kusema neno la shukrani. Nilianza na historia ya kazi ya mikono. Akanipa brashi.

Mchana nilikumbuka ule upande wa nyuma. KWA MUDA TU! Bado uko pale! Nikamvuta Mzee pembeni na kumuuliza kwa kunong'ona kama aliuona.

"Niliuona."

Nikauliza ameufanya nini. Nilitegemea aseme ameuziba kwa gundi na unga wa mbao.

"Nimeupaka vanishi," akasema. "Mara mbili. Usiliwe na mvua."

Nimelifikiria jibu hilo tangu saa nane. Bado sijajua niliweke upande gani wa historia.

Jumamosi, tarehe 8 Agosti

Nitaandika kila kitu kama kilivyokuwa. Ni siku ambayo haitarudi.

Saa tatu Bwana Stika akafika. Akaona UMOJA dirishani pake. Akauliza njia nzima ni nani aliyempelekea siasa dukani. Akaisukuma kando. Kisha nikamsikia, na majirani nyumba nane wakamsikia: "Nani kanipofulia duka?"

Mama Mdogo alitoka na kikombe mkononi. Alitazama kioo. Alitazama bomba la mchanga. Alinitazama mimi. Kikombe hakikuanguka, ila chai ilianza kumwagika polepole upande mmoja na yeye hakujua. Akasema kwa sauti ndogo sana, "Leo? Saa tatu? Leo?"

Watu wakaanza kusimama. Watano. Kumi. Bwana Stika akawa anawaeleza, kila anayefika upya kutoka mwanzo, na kwa hasira akaanza kubandua stika zake aone hasara imeingia mpaka wapi. Akabandua V. Akarudi nyuma. Chini ya stika kioo kilikuwa safi, angavu kama maji. Herufi imebaki ndani ya weupe, imechongwa. Akabandua I. Watu wakasema aah. Mwanamke mmoja mwenye kapu akasema kioo kama hicho amekiona kwenye hoteli kubwa tu. Akabandua B. Watu wakafika thelathini. Wengine walikuwa wanapanda juu ya magunia yetu.

Ndugu wapambanaji, nilihesabu mpaka arobaini na mbili. Arobaini na wawili, wamesimama, nyuso zimeelekea upande mmoja, bila mtu wa kuwaongoza! Saa nne kasorobo. Niliikumbuka ahadi. Naapa niliikumbuka. Lakini pia nilikumbuka kwamba aya ya tatu inanikataza mimi, mwenye jina na sura yangu. Haimkatazi mtu asiyejulikana aliyevaa kofia ya kupigia mchanga.

Nikaivaa. Nikafunga kamba shingoni. Nikapanda juu ya pipa.

Nikaanza na kioo kama mfano: kwamba dhoruba inayotukwaruza ndiyo inayoziacha herufi zetu ziking'aa. Nikaja kwenye paa. Nikaja kwenye viti vya kusomea. Kioo cha kofia kilipata mvuke, sikuwaona tena vizuri, lakini niliwahisi. Nilipokuwa naingia sehemu ya pili kompresa ikawaka nyuma yangu. Nadhani ilikuwa hitilafu. Sikutishika. Nilipaza sauti mpaka mbavu zikauma, nikarusha mikono kulia na kushoto. Nilipofikia neno "ukombozi" umati ulipasuka kwa makofi na vigelegele. Makofi ya kweli, ya muda mrefu! Kwa sadfa, wakati uleule Bwana Stika alikuwa amebandua herufi yake ya mwisho.

Nikafuta mvuke kwa kukikung'uta kichwa. Na pale, kati ya watu, kando ya gari la chuo, niliona kipara ninachokijua. Mlezi wa Wanafunzi. Anatazama moja kwa moja kwangu.

Nikabaki juu ya pipa, mikono ikiendelea kwenda yenyewe.

Yaliyofuata nimesimuliwa na Mama Mdogo, kwa ukali, baada ya kuniteremsha. Mlezi alimuuliza, akipiga kelele kuishinda kompresa, yule aliye juu ya pipa ni nani na anafanya nini. Mama Mdogo akamjibu, "Ni fundi wangu. Anapima upepo."

Mlezi aliitazama mikono yangu ikienda huku na huku. Akauliza hawana njia rahisi zaidi. Mama Mdogo akasema wapo wanaotumia kitambaa.

Akauliza tena, na mwanafunzi wake yuko wapi. Mama Mdogo akasema yupo kazini, na yeye Mlezi tangu ashuke garini amesikia hotuba yoyote? Mlezi akatega sikio. Kompresa ikanguruma. Akasema hapana, kwa kweli hajasikia. "Basi ndivyo alivyokuwa siku arobaini," akasema Mama Mdogo, akampa barua. Gari lilipoondoka, anasema Mzee Nukta, ndipo aliposhika ile nguzo.

Mlezi alikipapasa kibao, akasifu herufi. Kilikuwa kimefungwa gunia, kimefunuliwa upande mmoja tu. Mzee ndiye aliyekifunga. Mlezi akasema kitaning'inizwa kwa minyororo katika uwazi ulio juu ya mlango wa chumba cha kusomea, kila anayeingia akione.

Jioni Bwana Stika alivuka njia, soda mbili mkononi, moja ya Mama Mdogo. Watu watatu wameshamuuliza nani aliyemtengenezea kioo kile, na yeye, mnafiki wa milele, amewaambia ni ubunifu wake. Anataka washirikiane: yeye akate stika, sisi tupige mchanga. Mama Mdogo alikubali kwa sharti moja. Walinitazama wote wawili waliponong'onezana sharti hilo, kwa hiyo nadhani ni la heshima.

Kisha Mama Mdogo akanikalisha kwenye gunia. Akaniambia ni yeye aliyeiwasha kompresa. Akaniambia, "Mwanangu, hakuna aliyesikia neno lako hata moja. Hata moja. Mshukuru Mungu kila siku." Akanishika kichwa kwa mikono yote miwili, akakitikisa kidogo kama mtu anayesikiliza kama ndani kuna kitu, na macho yake yalikuwa yamejaa maji. Akaingia ndani.

Jumapili, tarehe 9 Agosti

Nimefungasha. Kesho narudi.

Nimetafakari usiku kucha kama mtu mzima anavyopaswa, na nimefikia hitimisho bila upendeleo. Mama Mdogo anasema hawakunisikia. Yeye alikuwa karibu na kompresa, hivyo aliyeshindwa kusikia ni yeye. Watu arobaini na wawili hawapigi makofi kwa sababu ya kioo. Hotuba ilipenya. Na kama ilipenya kofia na kompresa, itapenya nini ikitolewa kwa mdomo mtupu, mahali palipo kimya?

Nimeomba turubai langu kutoka kwa Stika. Amenipa bila kinyongo, akisema linamkwaruza ukuta. Nitalipaka mkono mmoja zaidi. Nyekundu imeanza kufifia.

Nilimuaga Mzee Nukta. Nilimwambia kwamba mapambano hayatamsahau. Akanipa kipande cha kitambaa cha maua ya njano, kimekunjwa kwa uangalifu. Nimekiweka chini ya sanduku. Ni kumbukumbu nzuri, ingawa sioni nitakitumia wapi.

Na sasa, ndugu wapambanaji, zile siku arobaini zimekwisha jana, na sioni tena aya ya kunizuia. Wale wa mwanzo waje na wenzao, wale wapya waje na maswali. Agenda ni paa, viti na uhuru wa kusema. Tukutane kesho Jumatatu, saa kumi kamili alasiri, katika chumba kipya cha kusomea. Ingieni kwa utaratibu, na mkishaingia geukeni mtazame juu ya mlango. Mtasoma upande wa pili wa kibao, na mimi nitakuwa nimesimama chini yake.